Bado Natumika

Baraka, tarehe 9 mwezi wa tatu 2024

Mdogo wangu Fabien,

Salamu kutoka Baraka. Sisi ni wazima, mvua tu ndiyo inatuonea. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Dany wa pikipiki anasema simu zinapekuliwa kwenye kila bariyeri ya wenye silaha kati ya hapa na Kilembwe, na mtu akikutwa na ujumbe asioweza kuueleza anashushwa kwenye pikipiki na haonekani tena. Barua hii ataificha chini ya kiti chake.

Unatumika bado? Nauliza hivyo makusudi, ili ucheke kwanza. Nimemkumbuka yule mwalimu wetu wa kambini Tanzania, siku alipokuuliza baba yako anafanya nini, ukasimama na kujibu kwa sauti kubwa, "Baba anatumika." Akakuuliza, "Anatumika na nani?" Darasa zima likacheka, maana kwao chenye kutumika ni ndoo na ufagio. Ulirudi hemani ukilia. Baba akasema wacha wacheke, sisi watu wa Fizi tunajua kutumika ni kufanya kazi, na wa kuhurumiwa ni yule asiyetumika.

Kucheka kumetosha. Jumatano gari ya misaada ilitushushia wagonjwa watatu kutoka milimani, wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Tumewaweka chumba cha nyuma kwa kuwa wagonjwa wengine walikataa kulala nao. Mmoja ni mwanamke, anaitwa Nyiransabimana. Alikuwa anakamua walipovamiwa. Aliinua mkono wa kushoto akinge kichwa, panga likaukata chini ya kiwiko, ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Daktari aliumalizia. Unajua kazi yangu hapa si kubwa, mimi ni wa chumba cha pansema, nasafisha vidonda na kufunga bandeji. Lakini mkono ule ni mimi niliyeubeba kwenye beseni kwenda kuuzika. Vidole vilikuwa bado na maziwa yaliyokauka.

Mume wake, Gisaro, alishuka na panga lenyewe, limefungwa ndani ya blanketi. Aliyempiga mke wake aliliangusha akikimbia, na Gisaro anasema hataliachia mpaka ajue limetoka wapi. Jana alilifungua mbele yangu. Karibu na mpini kuna mikato miwili na nukta. Fabien, hiyo ni alama ya baba, aliyoiweka kwenye kila chuma alichofua.

Nimemficha Gisaro. Niandikie uniambie kwamba ni panga la zamani, kwamba baba aliliuza sokoni Lulimba miaka ile, likaibwa, likapotea njia. Ukiniambia hivyo nitakuamini.

Na mke wako yuko wapi? Barua yako ya mwisho haikuwa na mstari wake. Tangu umuoe Chérie hujanitumia barua hata moja ambayo hakuandika mstari wake mwenyewe chini, wa kuniomba sabuni au kukusengenya wewe. Mwambie wifi yake amenuna.

Dada yako,
Florentine

Kilembwe, tarehe 17 mwezi wa tatu 2024

Yaya Florentine,

Barua yako imefika ikinuka petroli. Tumefurahi kusikia mko wazima.

Panga hilo ni la zamani. Baba alifua mapanga miaka arobaini, utayakuta mpaka ng'ambo ya ziwa. Panga halina ukoo, yaya. Likishatoka kwa fundi ni la mwenye kulishika. Mwambie huyo baba wa blanketi alitupe ziwani, apate usingizi.

Huku natumika sana. Tangu mwaka uanze kazi imekuwa nyingi, watu wanalima. Ukipata mawese mazuri nitumie bidoni moja, maana ya huku yamekwisha na siwezi kupoza chuma bila mawese. Nitumie pia dawa ya macho. Cheche zimenipata jicho la kulia, linatoa machozi mchana kutwa, nimekuwa mjane wa bure.

Chérie anakusalimia. Yuko Lubondja kwenye shamba la mihogo la mama yake, ndiyo maana hakuandika. Usifikiri sana. Wewe tangu utoto unasikia kuku akikohoa unasema ni mwizi.

Mdogo wako,
Fabien

Baraka, tarehe 30 mwezi wa tatu 2024

Fabien,

Nimeisoma barua yako mara nne. Umenidanganya, na kudanganya hujui.

Jana Gisaro aliniomba spiriti ya kufutia damu iliyoganda kwenye panga, nikalishika mwenyewe dirishani. Mkato wa pili wa alama una jino katikati. Unakumbuka mwezi wa kumi na mbili, tulipomaliza matanga ya baba? Chérie alikosa cha kufungulia kopo la nyanya, akachukua tindo ya baba ya kuwekea alama, akaivunja ncha. Wajomba walipiga kelele mpaka majirani wakaja, eti mwanamke ameshika chuma cha ukoo. Mimi, niliyefukuzwa na baba mara nyingi nisiiguse hata nyundo yake, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mikato yote ya baba ni laini. Huu una jino la kopo la nyanya. Panga hili halina hata miezi minne, na halijawahi kulima tuta.

Jumatatu wameletwa wengine wanne. Mmoja ni mzee aliyepasuliwa kichwa juu ya sikio. Alikufa mikononi mwangu nikiwa namwosha, akiniomba nimtafutie kofia yake.

Mikono yangu imeanza kukataa kazi.  Juzi niliangusha sinia lote la vyombo vilivyochemshwa, mgonjwa akapiga mayowe akidhani wamekuja kummaliza. Mama Pulchérie, mkuu wetu, alinipa karatasi ya kuombea mapumziko. Ina sehemu ya malaria, sehemu ya uzazi, sehemu ya kuvunjika mfupa. Sehemu ya kuogopa haipo. Wala haipo sehemu ya mtu ambaye ndugu yake ndiye anatengeneza vidonda anavyovifunga. Nikamrudishia tupu.

Weka nyundo chini. Sitaki kujua unapata nini kwa hao wanaokata watu. Weka nyundo chini, la sivyo nitavaa nguo nyeusi kwa ajili yako kama nilivyomvalia baba, na ukija Baraka utakuta nimekwisha kukulilia.

Florentine

Kilembwe, tarehe 11 mwezi wa nne 2024

Yaya,

Dany hataki kukaa huku hata saa moja, kwa hiyo naandika mbio.

Walikuja wiki ya pili ya mwezi wa kwanza. Ni vijana wa msituni, wengine nawajua kwa majina ya ubatizo. Walileta resori za lori, vile vyuma vipana vinavyobeba mzigo juu ya magurudumu, walivyoving'oa kwenye magari waliyoyachoma barabara ya Lulimba. Komanda wao akasema anataka mapanga, ya kutulinda. Ni kweli kwamba mwaka jana wenye bunduki wa upande wa pili walichoma nyumba huku, na tulizika watu. Lakini nilisema hapana. Nilisema mimi ni fundi wa majembe. Roger alikuwa amekaa kwenye mvukuto. Unamjua, jirani yetu, yeye ndiye alimpulizia baba moto tangu tuliporudi kutoka kambini. Komanda hakunijibu mimi. Alimpiga Roger risasi ya shingo, akaanguka kifudifudi ndani ya makaa. Nilimvuta, nikaungua mikono, lakini uso ulikuwa umekwisha. Harufu yake haijatoka karakana hadi leo, na mimi nafanya kazi humo.

Halafu wakamchukua Chérie. Hayuko Lubondja. Yuko kambini kwao, anawapikia. Kila Jumamosi wananipeleka mpaka kijito, wanamsimamisha ng'ambo, natoa mapanga, namwona, wanamrudisha. Jumamosi moja mapanga yalipungua. Jumamosi iliyofuata alikuwa hana meno mawili ya mbele. Tangu hapo hayapungui.

Unaniambia niweke nyundo chini. Kila asubuhi komanda anapita na swali moja: "Fundi, nini inakukataza kutumika?" Nikisema njaa, wanaleta mbuzi. Nikisema jicho, wanaleta dawa ya jicho, kwa hiyo yako usiitume tena. Nikisema hakuna wa kupuliza, wanaleta watu wawili wamefungwa kamba kiunoni, wanapuliza. Kila kitu kinachoweza kumzuia mtu kufanya kazi wamekiondoa. Hakuna fundi Fizi nzima aliyewahi kusaidiwa hivi. Yule mwalimu wa kambini hakukosea, yaya. Natumika. Sasa neno hilo nalijua kwa maana zote mbili.

Kuhusu alama, nakuapia kaburi la baba, sikujua kama naiweka. Panga likiisha, mkono unachukua tindo wenyewe. Baba alitufundisha kwamba chuma kisicho na alama ni mtoto wa njiani, na mkono wangu umebaki na adabu hata pale kichwa hakina.

Usivae nyeusi bado. Kama unajua namna ya kuacha ambayo haitamuua Chérie, nifundishe.

Fabien

Baraka, tarehe 20 mwezi wa nne 2024

Mdogo wangu,

Dany anasema sasa wanafungua hata kiti cha pikipiki. Basi nakuandikia ya nyumbani tu, anayetaka kusoma asome.

Nisamehe maneno yangu ya barua iliyopita. Nguo nyeusi nimeirudisha sandukuni. Sikujua, na nilikuhukumu, na ninaona haya sana.

Mgonjwa wangu wa mkono anaendelea. Anajifunza kufunga kamba kwa meno na mkono mmoja. Aliniuliza kama nimewahi kuona mtu akikamua kwa mkono mmoja, nikamwambia mimi ng'ombe sijui. Akasema ukimkamua ng'ombe kwa mkono mmoja anadhani unamchezea, anakupiga teke. Alicheka, halafu akalia, nami nikalia naye, bandeji ikachelewa. Kukamua ndiyo kazi yake tangu ana miaka sita. Hana nyingine.

Leo nikiosha vyombo nimekumbuka utoto wetu. Unakumbuka jembe la mama Gentille? Baba alikuwa ameenda msibani, ukataka kumwonyesha kwamba na wewe ni fundi. Ukakipasha chuma mpaka kikawa cheupe, ukaona uvivu kuchota mawese, ukakitumbukiza kwenye maji baridi ya mto. Jembe lilitoka zuri. Liling'aa na kuwa kali kushinda yote ya baba. Mama Gentille alilipiga kwenye jiwe la kwanza, likakatika vipande vitatu. Baba alikuchapa, akasema umekiua chuma, kinang'aa lakini ni maiti.

Nimekumbuka tu, mambo ya zamani. Mawese ya mwaka huu ni mengi. Bado unayataka?

Dada yako,
Florentine

Kilembwe, tarehe 28 mwezi wa nne 2024

Yaya,

Nimekumbuka. Fimbo za baba bado nazisikia matakoni.

Mawese usinitumie tena, kuleni wenyewe. Huku maji ya mto yanatosha.

Kazi inaendelea vizuri. Wakubwa wananisifu, wanasema vyuma vyangu havijawahi kung'aa hivi. Alama ya baba naiweka kwenye kila kimoja, na sasa naiweka kwa kupenda, nikiitazama. Mtu akifanya kazi nzuri asione haya kuweka jina.

Chérie nilimwona Jumamosi. Amekonda, lakini alisimama wima.

Bado natumika.

Fabien

Baraka, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Mdogo wangu,

Sitaandika jina lako wala langu. Barua hii inakuja na Fanny, yule muuza samaki, ndani ya gunia la ndagaa wa chumvi. Nilijikataza kuandika kwa siku tatu. Lakini wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mimi nimeona kwamba furaha nayo inakohoa.

Nakupa habari ya hospitali tu. Alhamisi ameletwa mwanaume wa milimani, ndugu wa yule mume wa mgonjwa wangu. Walimkuta mtoni akinywesha ng'ombe. Alipigwa panga la bega, pigo la kummaliza. Lilipogonga mfupa likakatika. Aliyempiga alibaki ameshika mpini, akautazama, na huyu akapata nafasi ya kukimbia. Ncha ilibaki ndani ya nyama. Nilikuwa nimeshika beseni daktari alipoivuta na koleo, na ilipoanguka humo ililia sana, nikaipenda sauti ile. Mtu wa bega ni mzima. Anakula ugali. Anasema Mungu alishika panga.

Siku hiyo hiyo wamekuja wengine wawili, vidonda vyao ni vya juu juu. Nimewafunga wote. Mikono yangu haikukataa kazi, sikuangusha kitu.

Ukiisoma barua hii ichome. Na kama kuna njia ya kuondoka pamoja na yule ninayemdai mstari, muondoke upesi. Kitu kinachokatika mara moja ni bahati, kikikatika mara kumi watu watauliza.

Dada

Baraka, tarehe 20 mwezi wa sita 2024

Fabien,

Wiki mbili na nusu hakuna neno. Fanny hajarudi sokoni, meza yake imechukuliwa na mtu mwingine. Nilimbembeleza Dany akakataa, nikambembeleza tena, amekubali kufika Lubondja tu kwa mama mkwe wako. Sina hamu ya kuficha tena. Kama umekufa, barua hii itasomwa na nani, na itamdhuru nani?

Nina jambo la kukwambia. Wenzake na yule mtu wa bega, anaitwa Byiringiro, waliokota ule mpini uliotupwa, ukiwa bado na kipande cha chuma, wakauleta. Gisaro akauweka kitandani kando ya lile panga lake la blanketi. Alama ni moja, na jino lipo kwenye zote mbili. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa huku, kama namjua fundi. Nilikuwa nafunga kidonda cha mke wake. Ningeweza kusema simjui, na hakuna aliyeweza kunikanusha. Nimesema ni mdogo wangu.

Aliinama akazitazama alama tena. Nikamweleza habari ya Roger, ya Chérie, ya maji ya mto. Sijui alisikia kiasi gani. Alikunja blanketi lake akatoka, na hadi leo hajanisalimu. Simlaumu.

Nilijua mke wake ataita mtu mwingine. Bandeji ilikuwa imefika nusu, mimi nimesimama tu na ncha yake mkononi. Nyiransabimana alibaki amenyoosha kile kipande cha mkono. Akasema, "Funga, mama. Kazi yako haiyaisha."

Nikafunga. Kila asubuhi namfunga. Hajaniuliza habari zako, nami sijamwambia zaidi. Ninaogopa sana, Fabien. Nitumie hata karatasi isiyo na neno.

Florentine

Lubondja, tarehe 1 mwezi wa saba 2024

Wifi yangu Florentine,

Leo siandiki mstari wa chini, naandika barua nzima. Tuko kwa mama yangu, Lubondja. Barua yako Dany ametukabidhi hapa. Fabien yuko hai. Naanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umekaa.

Mapanga yalivunjika mengi siku moja. Walikuwa wamepanda usiku milimani, wakakuta wenyewe wamejiandaa, na vijana saba wa komanda walikufa wameshika mipini mitupu. Waliorudi walisema ni uchawi wa watu wa milimani. Komanda alikuwa karibu kuamini. Niliwasikia nikiwa napika, nikamshukuru Mungu kwa ujinga wao. Ndipo watu wake wa bariyeri wakamwaga gunia la Fanny. Walimvunja mbavu, lakini yuko hai, yuko kwa dada yake Kilembwe.

Fabien amenikataza kukwambia hili. Nakwambia kwa sababu sitaingia nyumbani mwako na uongo mdomoni. Ilikuwa ni barua yako.

Jina halikuwemo na komanda hakuwa na uhakika. Walinitoa jikoni wakanipeleka karakana. Walimsimamisha Fabien mbele ya fuawe, mimi upande wa pili, na komanda akaisoma barua kwa sauti, polepole, ikinuka samaki. Fabien alikuwa amekaza uso vizuri. Lakini ilipofika pale ulipoandika kwamba mtu wa bega ni mzima, anakula ugali, alicheka. Haikuwa dharau. Alifurahi, wifi, alijisahau akafurahi. Komanda akakunja karatasi, hakuhitaji kusoma mpaka mwisho.

Alitoa bastola. Nilijua itakuwa kama Roger. Halafu akaniangalia mimi, akainama, akaokota nyundo ya baba mkwe, ile ambayo wewe ulikatazwa kuigusa, akanipa. Akasema, "Mama, we ndiye utachagula. Mukono ao kichwa." Maana yake mkono nipige mimi, au kichwa apige yeye. Nilisema siwezi. Akamwekea bastola kwenye sikio, akaanza kuhesabu.

Fabien mwenyewe aliweka mkono wa kulia juu ya fuawe. Alivipanga vidole, akavitandaza vizuri, akanionyesha kwa macho mahali pa kupiga. Akaniambia kwa sauti ya kazi, ile aliyokuwa anamwambia Roger, "Piga, Chérie. Usipige kidogo-kidogo. Pandisha yote, uache nyundo itumike yeye mwenyewe."

Nilipiga. Pigo la kwanza lilivunja. La pili ni kwa kuwa komanda alisema vidole bado vinacheza. La tatu sikumbuki, lakini Fabien anasema lilikuwepo. Nyama na mfupa viliingia kwenye ufa wa fuawe. Hakulia. Mimi ndiye nililia, sauti ikatoka pale nilipong'olewa meno kama filimbi, wakacheka.

Komanda alisema fundi asiye na mkono hafai hata risasi. Walitufukuza kama mbwa. Tumetembea siku nne, tukikwepa barabara. Siku ya pili tulipokaa kunywa maji ndipo niliona kwamba bado nimeshika nyundo. Hakuna aliyekumbuka kuninyang'anya, wala mimi sikukumbuka kuitupa. Iko hapa, nimeifunga kwenye kitenge. Sijui niifanye nini.

Fabien ana homa na mkono umeanza kunuka, kwa hiyo Jumatano Dany anatuleta Baraka. Amenisomesha barua yako mara tatu, pale yule mama aliposema funga. Ukimfunga usimuulize mambo mengi. Kwenye ile karatasi yenu ya kuombea mapumziko andikeni kuvunjika mfupa, sehemu hiyo si ulisema ipo.

Mimi nilifanya kazi kambini kwao miezi mitano, nikapika, nikachota maji, nikatumiwa kwa mengine ambayo nitakwambia sisi wawili tu. Nilifikiri nimekwisha kuona kazi zote mbaya. Usiku nasikia ile nyundo ikishuka. Nikimgusa Fabien naogopa mikono yangu mwenyewe. Niandalie kitanda mbali na chake, kwa sasa, na usimwambie ni mimi niliyeomba.

Anadai mstari wake. Anasema wewe utakuwa unaungoja. Ni wa mkono wa kushoto, umemchukua tangu asubuhi. Nimemwachia nafasi hapa chini.

Wifi yako,
Chérie

Yaya, Chérie alipiga vizuri. Baba angempa nyundo. Mi sitatumika tena.